Mtoza Kodi Aliyepandisha Mashua Kilimani

Wengi wanaokwenda Ufaransa hukimbilia makasri ya bonde la Loire, yale ya wafalme na wapenzi wao. Mimi nilivutwa na kasri dogo la Bonrepos, karibu na Toulouse. Mwenyewe, Pierre-Paul Riquet, hakuwa mfalme wala jemadari. Alikuwa mtoza kodi ya chumvi. Kodi hiyo maskini waliichukia kupita kiasi, maana nani anakula bila chumvi? Na ndiyo iliyomtajirisha.

Riquet alitaka kuunganisha mto Garonne, unaoishia Atlantiki, na bahari ya Mediterania, ili vyombo visilazimike kuizunguka Hispania. Wazo lilikuwa la zamani, ila lilikwama palepale: Naurouze, mahali palipoinuka karibu mita 190 juu ya bahari. Mfereji utapandaje kilima, na maji yanajua kuteremka tu?

Jibu lake lilikuwa jepesi kulisema: kusanya vijito vya Montagne Noire, uvilete pale juu, maji yagawanyike pande zote mbili. Alilijaribu kwanza kwa vidimbwi na vijifereji katika viwanja vya Bonrepos. Mwaka 1666 Louis XIV akatoa idhini.

Ukisafiri leo kwa tishari kwenye Canal du Midi, mwendo hauzidi kilomita 8 kwa saa, kwa hiyo unayo nafasi ya kutazama kazi za mikono. Kuta za vyumba vya kupandishia vyombo zimepinda kama yai, zihimili msukumo wa udongo. Fonseranes, karibu na Béziers, vyumba vimepangana kama ngazi. Unaingia, lango linafungwa nyuma yako, maji yanajaa, na chombo kizito kinanyanyuka polepole kama pumzi.

Basi hapo ndipo swali linaponikaba: nani alijenga? Mfereji una urefu wa kilomita 240, na kuna wakati vibarua walikaribia 12,000, wanawake wakiwemo, wakibeba udongo kwa vikapu. Inasemwa kwa haki kwamba Riquet aliwalipa kwa mwezi, hata siku za mvua na za ugonjwa. Kwa karne ile, si jambo dogo. Lakini sehemu ya fedha ilitoka kwenye ile ile kodi ya chumvi. Yaani maskini alilipia mfereji sokoni, kisha akaenda kuuchimba.

Riquet mwenyewe alifariki mwaka 1680, akiwa na madeni, miezi michache tu kabla ya mfereji kufunguliwa mwaka 1681. Yeye ana sanamu Béziers. Wale wa vikapu hawana.

Ndiyo maana siwezi kuusoma mfereji huu kama hadithi ya shujaa mmoja. Kasri hukuonyesha nani alimiliki. Mfereji, ukiwa na subira ya kilomita 8 kwa saa, unakuonyesha nani alifanya kazi.