Jina la Bidhaa Mpakani: Uainishaji wa Ushuru Busia na Malaba

Kuainisha bidhaa ni kuamua, kabla ya ushuru wowote kukokotolewa, kitu kilichomo ndani ya gunia, katoni au kontena kinaitwaje katika kitabu cha ushuru. Jina likishajulikana, kiwango cha kulipa hufuata. Katika miji ya Busia na Malaba, upande wa Kenya, historia ya kazi hiyo ni hasa historia ya mahali inapofanyiwa. Kuna vipindi ilipofanyika mpakani penyewe, na vipindi ilipokwisha Mombasa, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapo.

Mpaka ulichorwa juu ya nchi iliyokuwa moja. Hadi mwaka 1902 ardhi yote kuanzia huko hadi Naivasha ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Aprili mwaka huo Waingereza wakaihamishia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Mito ya Sio na Malaba ikawa sehemu ya alama za mpaka, na Waiteso na Wasamia wakajikuta na jamaa ng'ambo. Hata hivyo mstari huo haukuwa wa forodha. Mwaka 1917 forodha za Kenya na Uganda ziliunganishwa, na Tanganyika ikaingia katika mpango huo hatua kwa hatua katika miaka ya 1920. Majembe, vitambaa na baiskeli za kwenda Uganda vilitozwa ushuru pwani, kisha vikapita. Reli ilipovuka Malaba mwishoni mwa miaka ya 1920, mabehewa hayakuwa na sababu ya kufunguliwa hapo. Kilichobaki ni hesabu ya makaratasi: fomu zilionyesha bidhaa zilizoelekea Uganda, ili ushuru wake uwekwe kwenye hazina ya nchi ambako zingetumika.

Awali jina la bidhaa halikuwa na uzito mkubwa. Mikataba ya bonde la Kongo, iliyohusu pia Afrika Mashariki, iliwazuia watawala kutoza zaidi ya asilimia 10 ya thamani. Pale ambapo karibu kila kitu kinalipa kiwango kimoja, hakuna anayegombania jina. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ukaondoa kikwazo hicho, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya Nairobi ikapandisha ushuru wa ngano, unga wa ngano na siagi ili kuwakinga walowezi wa Kenya. Mnunuzi wa Uganda, asiyekuwa na mlowezi wa kumkinga, alilipia kinga hiyo kwa bei ya juu. Lawama hiyo ilikuwa ya haki, na iliendelea kuutia sumu muungano wa forodha kwa miongo kadhaa.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1967 ulijaribu kuirekebisha hali hiyo. Uliruhusu nchi iliyokuwa nyuma kiviwanda kutoza kodi ya uhamisho kwa bidhaa za viwandani kutoka kwa jirani, mradi nayo inatengeneza bidhaa ya namna hiyo au iko karibu kuanza, na mradi kiwango kisizidi nusu ya ushuru wa nje. Kwa mara ya kwanza sabuni au saruji ya Kenya ilihitaji kutajwa kwa jina ilipoingia Uganda, si ile iliyotoka Ulaya tu.

Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na hapo Malaba na Busia zikawa milango ya forodha kamili. Kila nchi ikawa na kitabu chake, na mzigo uliokwisha kuainishwa upande mmoja uliainishwa upya upande wa pili. Ni miaka hiyohiyo magendo yalipostawi. Baridi kali iliharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa duniani ikapaa, na mkulima wa Uganda, aliyelazimika kuiuzia bodi ya serikali kwa bei duni, akaipeleka Kenya. Chepkube, soko dogo kwenye miteremko ya Mlima Elgon, likapata umaarufu kwa kahawa hiyo. Chumvi, sukari na sabuni zilirudi kwa njia zilezile za panya. Kwa shehena hizo uainishaji haukuwepo kabisa. Desemba 1987 askari wa pande mbili walipigana Busia, na mpaka ukafungwa.

Wakati huohuo dunia ilikuwa ikitafuta lugha moja ya forodha. Mkataba uliotiwa saini Brussels mwaka 1983 na kuanza kutumika 1 Januari 1988 ulileta mfumo unaofahamika kwa herufi HS, unaosimamiwa na shirika la forodha la dunia. Mfumo huo unazigawa bidhaa zote katika sehemu 21 na sura 97, mojawapo ikiwa imeachwa tupu. Tarakimu mbili za kwanza zinataja sura, nne zinataja kichwa, na sita zinafikia aina mahususi inayofanana kote duniani. Afrika Mashariki huongeza mbili zake. Mahindi yako kwenye 1005, mchele 1006, sukari 1701, mitumba 6309. Omena wakavu wako kwenye 0305, lakini samaki wabichi wako kwenye 0302.

Kanuni sita za tafsiri huongoza uchaguzi. Ya kwanza husema kuwa majina ya sura ni ya kusaidia kutafuta tu. Kinachoamua ni maneno ya kichwa pamoja na maelezo ya sura. Ya pili huzuia ujanja wa kale: baiskeli iliyofunguliwa fremu, magurudumu na usukani, ikaletwa pamoja katika sanduku, ni baiskeli bado, 8712, wala si vipuri vya 8714. Mwagizaji mwenye shaka anaweza kuomba uamuzi wa maandishi kabla mzigo haujafika, na ni hekima kufanya hivyo, kwa kuwa mabishano yakianzia yadini kila siku ya kusubiri ina gharama.

Jumuiya iliyofufuliwa ilianza Umoja wa Forodha tarehe 1 Januari 2005. Mali ghafi ikawekwa asilimia 0, bidhaa zilizosindikwa nusu asilimia 10, na zilizokamilika asilimia 25. Orodha ya bidhaa nyeti ikapewa viwango vya juu zaidi, sukari ikifika asilimia 100. Bidhaa kadhaa za Kenya ziliendelea kutozwa zilipoingia Uganda, kuanzia asilimia 10 na kushuka kila mwaka hadi zikaisha 2010. Tangu hapo, swali zito mpakani limekuwa bidhaa imetoka wapi.

Mchele wa Busia unaonyesha hilo vizuri. Mchele mweupe wa Doho au Kibimba, mashariki mwa Uganda, na mchele mweupe wa Pakistan ni wa namba moja, 1006.30. Wa kwanza ukiwa na cheti cha asili haulipi ushuru wa forodha. Wa pili Kenya huutoza asilimia 35 au dola 200 kwa tani, kipi kilicho kikubwa. Punje hazijitaji zilikolimwa, na gunia hubadilishwa kwa dakika chache. Kwa hiyo mzozo huhamia kwenye karatasi. Uainishaji wenyewe huingia hata katika suala la asili. Chini ya kanuni za 2004, njia moja ya kuthibitisha kuwa bidhaa ni ya Jumuiya ilikuwa kuonyesha kwamba imebadili kichwa cha ushuru kiwandani: ngano ya kigeni ya 1001 ikisagwa huwa unga wa 1101.

Akina mama wanaovusha mayai, maharage na omena hawakuwa na nafasi katika mfumo wa mawakala na tarakimu nane. Utaratibu rahisi wa biashara uliwapa orodha fupi ya bidhaa zinazojulikana na cheti kinachogongwa muhuri palepale, kwa mizigo ya hadi dola 2,000. Huenda hakuna mageuzi mengine yaliyomgusa mtu wa Busia kwa karibu zaidi. Vibali vya afya ya mimea na vyakula viko nje ya utaratibu huo: Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ingawa ushuru wake ulikuwa sifuri.

Kwa malori ya Malaba, kazi ilirudi pwani. Kuanzia 2014, chini ya Himaya Moja ya Forodha, maofisa wa Uganda huikadiria mizigo ya nchi yao Mombasa, na ushuru hulipwa kabla lori halijaondoka bandarini. Vituo vya pamoja vya mpakani, kile cha Busia kikizinduliwa rasmi na marais wawili Februari 2018, hufanya ukaguzi wa nchi zote mbili mahali pamoja.

Kitabu kipya cha ushuru cha Julai 2022 kiliongeza ngazi ya nne, asilimia 35. Lakini kila mwaka wa bajeti nchi wanachama huruhusiwa kutotumia baadhi ya viwango vya pamoja, kama Kenya inavyofanya kwa mchele, huku jirani akibaki na kiwango tofauti. Shehena iliyolipiwa kwa kiwango cha pekee cha nchi moja ikivuka kwenda nchi nyingine hutozwa upya kwa kiwango kamili, na namba yake ya tarakimu nane ni ileile kwenye karatasi za pande zote mbili za Malaba.