Ufafanuzi: Mwingiliano wa Kikwanta Katika Wavu wa Mianya Mingi

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta. Miongoni mwa majaribio yanayobainisha kiini cha sayansi hiyo ni lile la kupitisha chembe katika wavu wenye mianya mingi myembamba.

Elektroni zinaporushwa moja moja kuelekea wavu huo, kila moja huacha nukta moja tu kwenye kiwambo. Hata hivyo, nukta zikizidi kuongezeka hujipanga katika milia, mingine ikisongamana nukta na mingine ikibaki karibu mitupu, mithili ya mawimbi ya maji yanayoimarishana mahali pamoja na kufutana mahali pengine. Kikiwekwa kifaa cha kubaini mwanya uliopitiwa, milia hiyo hutoweka.

Claus Jönsson alionyesha milia ya aina hiyo kwa elektroni mwaka 1961 huko Tübingen, Ujerumani, akitumia mianya hadi mitano. Mwaka 1999, watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna, Austria, wakiwemo Markus Arndt na Anton Zeilinger, walipitisha molekuli zenye atomi 60 za kaboni katika wavu wenye mianya ya upana wa nanomita 50, na milia ikaonekana.

Kwa kanuni iliyotolewa na Max Born mwaka 1926, kila njia inayowezekana hupewa thamani yake. Thamani hizo hujumlishwa kwanza, kisha ukubwa wa jumla huzidishwa kwa ukubwa huohuo ili kupata uwezekano wa chembe kuonekana mahali fulani. Kutokana na kanuni hiyo, njia huingiliana mbili mbili tu: mianya mitatu hutoa jozi tatu, mitano hutoa jozi kumi, wala hakuna nyongeza itokanayo na njia tatu kwa pamoja.

Iwapo nyongeza hiyo ingepatikana, kanuni inayotegemewa katika hesabu zote za kwanta ingelazimika kuandikwa upya. Kwa sababu hiyo ilipimwa kwa mianya mitatu: mwaka 2010 kwa chembe za mwanga nchini Kanada, na mwaka 2017 kwa molekuli kubwa mjini Vienna. Vipimo vyote viwili havikuona tofauti inayofikia asilimia moja, na kanuni ya Born ingali imesimama.