Ujuzi Ugenini: Mafundi wa Nyanza ya Kusini na Kazi za Uganda, 1902–1977

Utangulizi

Methali ya Kiswahili yasema kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Methali hiyo huchukulia kwamba kila mgeni ajua kulima, na kwamba mwenyeji hana haja ya kumwuliza alijifunza nini kwao. Historia ya mafundi na makarani waliotoka katika nchi ambayo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori, magharibi ya Kenya, yaonyesha upande mwingine wa jambo hilo. Wengi wao walifika ugenini wakiwa na kazi mikononi tayari, lakini kwanza ilibidi apatikane mtu wa kuiamini kazi hiyo. Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi imani hiyo ilivyopatikana, hasa katika Uganda, tangu mwaka 1902 hadi mwaka 1977, na jinsi ilivyovunjika katika mwaka 1970. Aidha, yatagusia nafasi ya lugha ya Kiswahili katika safari hiyo, kwani lugha nayo ilikuwa sehemu ya vyombo vya fundi.

Mpaka uliowapita watu

Yafaa ikumbukwe kwamba Uganda haikuwa nchi ya kigeni tangu hapo. Hadi mwaka 1902 Nyanza ilihesabiwa kuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Himaya ya Uganda. Mwaka huo Waingereza waliihamishia katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1920 ilipewa jina la Kenya. Upande wa kusini, mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 na 1890 yalikuwa yamekwisha kuwagawa Waluo na Wakuria: wa Karungu na Muhuru wakawa chini ya Waingereza, na wa Shirati chini ya Wajerumani. Hivyo yaweza kusemwa kwamba watu hawa hawakuvuka mpaka kwanza. Ni mpaka uliowavuka wao.

Reli iliyoanzia Mombasa ilifika ziwani Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Kuanzia hapo meli za ziwani ziliunganisha Kisumu na Port Bell, bandari ya Kampala, na pia zikatia nanga katika bandari ndogo za kusini kama Kendu Bay, Homa Bay na Karungu. Mwaka 1931 njia ya reli yenyewe ilifika Kampala kwa kupitia Nakuru na Tororo. Kodi ya nyumba iliwalazimu vijana kutafuta fedha, na chombo cha kuwapeleka zilikoweza kupatikana kilikuwa kimekwisha kuletwa mlangoni pao.

Pamoja na kodi kulikuja kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Katika kipande ziliandikwa alama za vidole vya mwenyewe, jina la mwajiri, aina ya kazi, mshahara, na tarehe za kuanza na kuacha kazi. Wanahistoria wameeleza sana jinsi kipande kilivyomfunga mfanyakazi, na ni kweli. Lakini jambo moja zaidi halina budi kutajwa. Kipande kilikuwa ndiyo karatasi ya kwanza iliyobeba habari za ujuzi wa mtu wa Nyanza kutoka kwa mwajiri mmoja hadi kwa mwingine, na mwenye ujuzi huo hakuruhusiwa kuandika humo hata neno moja. Alibeba shingoni ushahidi juu ya nafsi yake ulioandikwa na mkono wa mtu mwingine.

Mahali pa kujifunzia

Ujuzi wenyewe ulipatikana kwa njia nyingi. Mwaka 1906 wamisionari wa Kiadventista walianzisha kituo chao Gendia, karibu na Kendu Bay. Waliokuja kuanzisha kazi hiyo walikuwa Arthur Carscallen na Peter Nyambo, na Nyambo alikuwa Mwafrika kutoka Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba miongoni mwa walimu wa kwanza wa elimu ya kisasa katika eneo hili alikuwamo mtu aliyekuwa yeye mwenyewe mgeni mwenye ujuzi, aliyetoka mbali kutafuta mahali pa kuutumia. Mwaka 1913 Gendia ilipata mtambo wa kupiga chapa, na vijana wakaweza kujifunza kazi ambayo wazee wao hawakuwahi kuiona. Kamagambo, katika nchi ya Migori ya leo, palifundishwa walimu, na Asumbi wamisionari wa Kikatoliki walifanya kazi kama hiyo.

Serikali nayo ilifungua mwaka 1924 chuo cha ufundi cha Kabete, karibu na Nairobi, na baadaye ukaenea utaratibu wa majaribio ya ufundi yenye madaraja matatu. Vita Kuu ya Pili vilifundisha wengine udereva, ufundi wa magari na kazi za simu. Mgodi wa Macalder, katika Migori, uliotoa shaba na dhahabu, uliwazoesha watu wa hapo mitambo mpaka ulipofungwa mwaka 1966. Zaidi ya hayo yote, wengi hawakupita chuo chochote. Walisimama kando ya fundi mkubwa, wakamshikia taa, wakampa spana, na baada ya miaka kadhaa wakaweza kufanya kazi yake.

Ujuzi uliopatikana hivyo haukutambuliwa daima hata nyumbani Kenya. Tom Mboya, ambaye wazazi wake walitoka kisiwa cha Rusinga na ambaye alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, alihitimu Kabete kuwa mkaguzi wa afya na kuajiriwa na Baraza la Mji wa Nairobi. Katika kumbukumbu zake ameeleza jinsi mama mmoja wa Kizungu alivyoingia katika chumba alimokuwa akipima maziwa, akamtazama, kisha akauliza kama humo ndani hamna mtu. Huyo alikuwa na cheti, na kazi yake ilionekana mezani; kilichokosekana ni jicho lililokuwa tayari kumwona kuwa mtu, sembuse mjuzi. Mazingira ya namna hiyo yasaidia kueleza kwa nini baadhi ya mafundi waliona afadhali kutafuta Kampala kile ambacho Nairobi iliwanyima.

Kufika na kuaminiwa

Katika Kijaluo mtu anayeishi mbali na kwao kwa ajili ya kazi huitwa japango, na wakiwa wengi, jopango. Neno hilo linahusishwa na kitenzi cha Kiswahili kupanga, yaani kukaa katika nyumba ya mtu kwa kulipa kodi. Maana yake yafaa kuangaliwa. Japango hakutajwa kwa kazi aliyoifanya, bali kwa nyumba isiyokuwa yake. Dala, yaani boma la kwao, ndiko kulikokuwa nyumbani. Huko kwingine alikuwa mpangaji tu, hata akikaa miaka thelathini.

Mgeni alipofika Kampala, kwa kawaida alifikia kwa ndugu: kaka, mjomba, au mtu wa ukoo mmoja. Ndugu huyo alimlisha, kisha akampeleka kwa mnyapara au karani wa kuajiri. Tendo hilo lilikuwa zito kuliko linavyoonekana. Aliyemtambulisha mgeni aliweka rehani jina lake mwenyewe, kwani mgeni akiharibu kazi, aibu ingemrudia yeye. Kwa hiyo ukoo ulikuwa na sababu nzuri ya kumpima mtu wake kabla ya mwajiri kumpima. David Parkin, aliyechunguza mitaa ya Nakawa na Naguru katika Kampala miaka ya mwanzo ya 1960, alionyesha jinsi vyama vya koo za Waluo vilivyokuwa na nguvu. Vyama hivyo havikuhusika na matanga na michezo pekee. Ndimo mlimojulikana nani ni fundi kweli na nani ni fundi wa maneno.

Reli ilikuwa na faida yake ya pekee. Tangu mwaka 1948 reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliendeshwa na shirika moja. Daraja alilopata mtu Nairobi lilitambuliwa Kampala, kwa kuwa mwajiri alikuwa yule yule. R. D. Grillo, aliyefanya uchunguzi wake miongoni mwa wafanyakazi wa reli wa Nsambya katikati ya miaka ya 1960, aliwakuta Waluo na Waluhya wa Kenya wakiwa sehemu kubwa ya wafanyakazi hao. Nje ya reli kulikuwa na viwanda vya Jinja, vilivyopata nguvu ya umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Huko hakukuwa na daraja lililovuka mpaka pamoja na mwenyewe, na neno la ndugu lilihitajiwa zaidi.

Kiswahili cha karakana

Katika karakana Kiswahili kiliunganisha watu wa lugha mbalimbali. Fundi, tupa, koleo, bisibisi na spana ni maneno ambayo Mluo, Mluhya, Mteso na Mganda waliweza kuelewana kwayo bila mkalimani. Kwa mgeni asiyejua Luganda, na ambaye Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lugha hiyo ilikuwa ngazi ya kupandia.

Hata hivyo ngazi hiyo ilikuwa na upande wake wa pili. Katika Buganda Kiswahili kilihesabiwa na wengi kuwa lugha ya askari, ya wapagazi na ya watu wa kuja. Kwa hiyo lugha iliyompa Mluo nafasi ndani ya karakana ndiyo iliyomtambulisha kuwa mgeni mara alipotoka nje na kuingia sokoni. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa la Uganda. Wakati huo wengi wa wale waliokuwa wakikitumia kila siku kazini walikuwa wamekwisha kuondoshwa.

Mwaka 1970

Uganda ilipata uhuru mwaka 1962 na Kenya mwaka 1963. Watu waliokuwa raia wa dola moja la kikoloni wakajikuta raia wa mataifa mawili. Waganda waliokosa kazi waliuliza, na swali lao halikukosa haki, kwa nini kazi za nchi yao zishikwe na wengine. Katika mwezi wa Oktoba 1970 serikali ya Milton Obote iliamuru kwamba wafanyakazi wa kigeni wasio na ujuzi waondolewe. Makadirio ya kawaida hutaja Wakenya wapatao 30,000 waliorudi, na Waluo walikuwa wengi miongoni mwao.

Hapana budi kulitazama kwa makini neno lililotumiwa: wasio na ujuzi. Ni nani aliyekuwa na ujuzi? Kwa mwenzake wa karakana, mjuzi alikuwa yule aliyeweza kusikia mlio wa mashine akajua ilipougua. Kwa ofisi ya serikali, mjuzi alikuwa mwenye cheti. Mtu aliyejifunza kwa kumshikia taa fundi mkubwa hakuwa na cheti. Ushahidi wake wote ulikuwa kauli ya ndugu na ya mnyapara. Ushahidi huo uliotosha kumwajiri kwa miaka mingi haukuweza kumwokoa kwa siku moja. Kosa halikuwa katika mikono yake. Njia ya kuaminiwa aliyoitumia ilikuwa ya watu, na sheria ilidai ya karatasi.

Waliobaki kwa kuwa na vyeti, au kwa kuwa wa Shirika la Reli, walipata muda mfupi tu. Januari 1971 Amin alitwaa serikali. Februari 1976 alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda, akiufufua mpaka wa kabla ya 1902. Hivyo nchi walikotoka jopango ikadaiwa na dola iliyokuwa imewafukuza watu wake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mashirika yake yakagawanywa. Mwezi wa Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, ambao haukufunguliwa mpaka mwaka 1983, na safari za kusini ya Migori zikaingia taabu. Mapatano ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya yalitiwa sahihi Arusha mwezi wa Mei 1984.

Hitimisho

Jumuiya mpya, ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi mwaka 1999, imejaribu kulijibu swali hili kwa sheria. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika mwaka 2010. Mapatano ya kutambuliana sifa yalitiwa sahihi kwa wahasibu na wasanifu majengo mwaka 2011, na kwa wahandisi mwaka 2012. Nje ya Afrika, Kenya ilipatana na Uingereza mwaka 2021 kuhusu wauguzi, na mwaka 2024 na Ujerumani kuhusu wafanyakazi wenye ujuzi. Mwuguzi wa Homa Bay anayekwenda London leo hana haja ya mjomba wa kumsemea; ana haja ya baraza la kuthibitisha cheti chake. Lakini mchomeleaji wa Rongo au fundi magari wa Isebania, aliyejifunza kazi kando ya barabara, bado hutegemea neno la aliyemtangulia, kama wale wa Nsambya walivyolitegemea.

Historia ya kipindi hiki haijakamilika. Wafanyakazi wa reli na wa viwanda vya Uganda waliorudi Karachuonyo, Kabondo, Uriri na Karungu wamebaki wachache, nao wamezeeka. Vipande, barua za waajiri na vyeti vya majaribio, pale vilipotunzwa na jamaa zao, ni ushahidi ambao hauna budi kukusanywa. Msamiati wao wa kazi nao unastahili kuandikwa kabla haujasahaulika, kwani ndiyo kumbukumbu pekee ya ujuzi uliofanya kazi nusu karne bila kupewa jina hilo katika daftari lolote.