Seli ya haidrojeni ilivyongoja fundi kwa miaka 120

Agosti 1959, katika karakana za kampuni ya Marshall mjini Cambridge, Uingereza, wageni walialikwa kutazama foko ikinyanyua mizigo. Foko yenyewe haikuwa na ajabu, wala mashine ya kuchomelea vyuma na msumeno wa duara vilivyoonyeshwa pamoja nayo. Walichoitiwa ni mtambo uliovipa umeme: seli 40 zilizobanwa pamoja, zinalishwa haidrojeni na oksijeni, zinatoa takriban kilowati 6. Hakuna moshi, hakuna muungurumo. Taka yake ni maji.

Mwenye mtambo alikuwa Francis Thomas Bacon, mhandisi wa miaka 54 ambaye wenzake walimwita Tom. Wazo la mtambo huo alikuwa nalo kichwani tangu 1932. Kanuni yenyewe lakini ilikwishajulikana tangu 1839, Malkia Victoria akiwa bado msichana aliyekalia kiti kwa miaka miwili.

Aliyeiweka wazi kanuni hiyo ni William Robert Grove wa Swansea, huko Wales. Mkate wake ulitoka kwenye sheria, ila afya mbovu ilimpunguzia kazi za mahakamani, akapata nafasi ya kuchezea betri. Baadaye alirudi mahakamani kwa kishindo: mwaka 1856 alikuwa miongoni mwa mawakili waliomtetea William Palmer, daktari aliyeshtakiwa kwa kuua kwa sumu, na mwishowe akawa jaji. Wakati Grove anafanya majaribio yake, Mjerumani Christian Friedrich Schönbein aliyefundisha Basel, Uswisi, alikuwa ameuona mwelekeo huohuo, na wawili hao wakawa marafiki wa kuandikiana barua.

Wakati huo kila mwanasayansi alijua kwamba umeme ukipitishwa majini huyapasua yakawa haidrojeni na oksijeni. Grove aliigeuza kazi hiyo kinyumenyume. Alichukua mirija ya kioo, akatia ndani yake vipande vya platini na kuisimamisha katika asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, mrija mmoja una haidrojeni, wa pili oksijeni. Umeme ukapita. Akaunganisha seli kadhaa na kutumia umeme wake kupasulia maji katika chombo kingine, hivyo gesi zikawa zinapungua huku na kuzaliwa kule.

Tatizo ni kwamba umeme huo ulikuwa kidogo mno. Kazi yote ilifanyika pale tu ambapo vitu vitatu vilikutana, yaani gesi, asidi na platini, na mahali hapo palikuwa pembamba kama uzi. Grove mwenyewe aliliona hilo. Mwaka 1889 Ludwig Mond na Carl Langer walijaribu kupapanua kwa kutumia mabamba yenye vinyweleo yaliyolowekwa asidi, wakapiga hatua, lakini platini iliwatoa jasho kwa bei. Wakati huo dainamo ilikuwa imekwishashika soko. Mwaka 1894 mkemia Wilhelm Ostwald aliisema vibaya injini ya mvuke kwa kupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya makaa, na kuwahimiza wenzake watafute njia ya kupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye mafuta. Maneno yalikuwa ya kweli. Makaa nayo yalikuwa rahisi, na hakuna aliyekuwa na haraka.

Bacon hakuwa mkemia, na nadhani hilo lilimsaidia. Alifanya kazi C. A. Parsons, kampuni ya Newcastle iliyotengeneza tabo za mvuke. Mwaka 1932 alisoma katika jarida la uhandisi kuhusu wazo la kutumia umeme wa usiku, viwanda vikiwa vimelala, kupasulia maji, kisha haidrojeni ichomwe kwenye injini. Akajiuliza: kwa nini uichome, injini ikupotezee nusu na zaidi kwa joto, wakati njia ya Grove ingekurudishia umeme wako? Mwaka 1937 aliwaandikia wakurugenzi. Wakakataa. Akaendelea chinichini, na gesi zenye shinikizo si kitu cha kuficha kazini. Walipogundua, akatakiwa achague kati ya majaribio na kazi. Mwaka 1940 aliondoka. Kwa haki, wakurugenzi hao siwalaumu sana, na ni vizuri kukumbuka kwamba Bacon alitoka katika familia yenye uwezo. Mwajiriwa wa kawaida angeacha majaribio.

Charles Merz, mmoja wa waasisi wa mfumo wa kusambaza umeme Uingereza, alimgharimia nafasi katika chuo cha King's, London. Oktoba mwaka huohuo bomu la Wajerumani lilimuua Merz nyumbani kwake. Bacon akapelekwa kwenye utafiti wa vifaa vya kutafutia nyambizi, na hakurudi kwenye seli zake mpaka 1946, safari hii Cambridge.

Hapo ndipo ufundi ulipoanza kuzaa. Asidi aliiacha, akatumia magadi makali ya potasiamu, na hivyo akaweza kuweka nikeli badala ya platini. Nikeli ni mvivu, kwa hiyo ilibidi kuisukuma: joto la nyuzi 200 hivi, shinikizo karibu mara 40 ya lile la hewa ya kawaida. Kila bamba la nikeli lilikuwa na tabaka mbili, upande wa gesi vinyweleo vikubwa, upande wa magadi vidogo. Magadi hujaa kwenye vidogo na gesi hukaa kwenye vikubwa, na ule uzi wa Grove, mahali pa vitu vitatu kukutana, unatandazwa ndani ya bamba zima. Bamba la oksijeni liliendelea kuliwa na kutu hadi walipoligundulia dawa, kulipaka lithiamu na kulichoma kabla ya matumizi. Katikati ya miaka ya 1950 wafadhili walijitoa, ikabidi shirika jingine la serikali limwokoe.

Baada ya onyesho la 1959 Waingereza walipiga makofi, wala hawakununua. Mnunuzi alitoka Marekani, naye hakuwa mtu wa kuuliza bei. Pratt & Whitney walichukua leseni ya hataza za Bacon, wakapunguza shinikizo na kuzidisha ukali wa magadi, na vyombo vya Apollo vikapanda mwezini na mitambo mitatu kila kimoja, mtambo mmoja seli 31. Maji yaliyotoka humo wanaanga waliyanywa.

Jinsi walivyoitegemea mitambo hiyo ilionekana Aprili 1970. Tangi la oksijeni la Apollo 13 lilipolipuka, seli zilikosa gesi zikazima moja baada ya nyingine, na umeme na maji vikaondoka pamoja. Watu watatu walijibana ndani ya chombo cha kutulia mwezini, kilichotumia betri, wakanywa takriban mililita 200 kwa siku kila mmoja.

Magari ya leo, kama Mirai ambayo Toyota iliitoa 2014, yanafuata ukoo mwingine: utando wa plastiki uliobuniwa na Thomas Grubb na Leonard Niedrach wa General Electric, ukaruka na Gemini 5 mwaka 1965. Utando huo umerudisha platini, ambayo sehemu kubwa yake huchimbwa Afrika Kusini.

Swali la umeme wa usiku nalo halijafa. Olkaria, karibu na Naivasha nchini Kenya, mvuke wa ardhini haujui usiku wala mchana. Matumizi yakishuka watu wakilala, mwingine huachiwa upotee hewani. Umeme wa mvuke huo ungeweza kupasulia maji, ila mkakati wa haidrojeni uliozinduliwa na serikali ya Kenya Septemba 2023 umeweka mbele mbolea. Haidrojeni ikutanishwe na naitrojeni ya hewani, ipatikane amonia, nchi ipunguze mbolea inayoagiza nje. Katika hesabu hiyo gesi hairudi kuwa umeme, na Bacon, aliyeacha kazi kwa ajili ya sehemu hiyo, asingekuwa na la kufanya pale.