Mtoto Amechanjwa, Mbona Ametoka Vipele?



Wazazi wengi hapa Kampala huuliza: mtoto amechanjwa surua, mbona ametoka vipele? Wengine huona basi chanjo haina maana. Tuitazame historia.

Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, tabibu Abu Bakr al-Razi aliandika kitabu cha kutofautisha ndui na surua. Alitufundisha kwamba vipele si ugonjwa mmoja. Tetekuwanga nayo si surua, na sindano ya surua haiizuii.

Chanjo ya tetekuwanga ilibuniwa Japani na Dk. Michiaki Takahashi katika miaka ya 1970. Marekani ilikuwa ikipata wagonjwa karibu milioni 4 kwa mwaka kabla ya kuanza kuwachanja watoto wote mwaka 1995. Tangu hapo wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Uganda haikuiweka katika ratiba yake ya taifa, kwa hiyo mtoto mwenye kadi iliyojaa bado aweza kuipata.

Surua ndiyo iliyopewa kipaumbele, kwani huua watoto wengi zaidi. Mpango wa taifa wa chanjo, UNEPI, ulianzishwa mwaka 1983. Mtoto huchanjwa surua akiwa na miezi 9, kwa sababu kabla ya hapo kinga aliyopata kwa mama huweza kuidhoofisha chanjo. Hata katika umri huo, kiasi cha watoto 15 katika 100 hawapati kinga. Wakijumlishwa na wasiochanjwa kabisa, idadi ya wasio na kinga huongezeka kila mwaka.

Ndiyo maana Oktoba 2003 ilifanyika kampeni ya nchi nzima, wakachanjwa watoto zaidi ya milioni 13, wa miezi 6 hadi miaka 14. Surua ikashuka sana. Lakini watoto waliendelea kuzaliwa. Kampeni ikarudiwa mwaka 2006. Mwaka 2018 surua ilizuka tena, Kampala na Wakiso zikiwemo. Ikaja kampeni ya Oktoba 2019, pamoja na rubela, na mwaka 2022 dozi ya pili, ya miezi 18, ikaingia katika ratiba.

Basi ndugu zetu, vipele vya tetekuwanga visitufanye tuiache dozi hiyo. Mtoto akitoka vipele, apelekwe kituo cha afya pamoja na kadi yake.