Shule ya Trela Ilikuwa Kiti cha Kushoto

Swali naulizwa sana saa hii: "Nikisomea trela kwa shule ya udereva, kazi nitapata?" Watu wanaona video za madereva wa Kanada na Poland, wanasikia malipo, wanataka leseni jana. Sina shida na hiyo. Lakini kabla utoe doh yako, jua hii kazi imekuwa ikifundishwa aje hapa Kenya, juu historia yake ndiyo inaeleza mbona ukimaliza kozi mwenye lori bado anakuuliza, "Umetembea barabara gani?"

Tuanze na jeshi. Vita vya Pili vya Dunia vilipofika, Waingereza walihitaji watu wa kubeba maji, chakula na risasi. Vijana walitolewa vijijini wakafundishwa malori kwenye kikosi cha usafirishaji, East African Army Service Corps. Kuna walioenda Ethiopia 1941. Kuna waliofika Burma, mahali 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita Bonde la Kabaw kwa matope ya masika. Hebu fikiria mse ambaye nyumbani hana hata baiskeli, anapeleka lori la risasi kwa matope ya Burma. Serikali ikitaka madereva, iliwafundisha. Gari ilitoa yenyewe, mafuta ikatoa, na mwalimu ikalipa.

Vita vikaisha, hao wazee wakarudi na ujuzi, na hapo serikali ikawa haiwahitaji tena. Reli ndiyo ilikuwa mfalme. Ilianza Mombasa 1896, ikafika Kisumu 1901, na wakoloni walitumia leseni za usafirishaji kuhakikisha malori hayainyang'anyi mizigo. Barabara ya Nairobi hadi Mombasa, karibu kilomita 480, ilikuja kumalizwa lami mwishoni mwa miaka ya 1960.

Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Shirika la reli la pamoja likagawanywa, na miaka ikisonga reli yetu ikachoka. Mizigo ya Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo ikamiminika barabarani. Trela zikawa nyingi mpaka mji mzima ukapata jina kwa foleni ya mizani: Mlolongo. Ndiyo, Mlolongo ile unapita ukienda Machakos.

Sasa jiulize: hao madereva wote walisomea wapi?

Walisomea kiti cha kushoto. Walikuwa mataniboi. Unaanza ukiwa kijana, unafunga turubai, unabadilisha magurudumu, unapika kando ya barabara Mtito Andei, unalala chini ya lori ukilinda mzigo. Dereva akikuamini, anakuachia usukani kidogo kwa yadi, kisha usiku pahali pametulia. Miaka inapita. Hakuna cheti, hakuna bima, na mara nyingi mshahara wako ni kile dereva ameamua kukupa siku hiyo.

Lakini usidharau hiyo elimu. Trela haiendeshwi kama Probox. Ukirudi nyuma na unataka mkia uende kushoto, usukani unauzungusha kulia kwanza. Breki ni za upepo, na upepo ukiisha gari linajifunga lenyewe. Kwa mteremko mrefu ukikanyaga breki bila kuachilia, zinachemka mpaka zinakosa nguvu, kwa hivyo gia nzito unaingiza ukiwa bado juu, unaacha injini ishikilie mzigo. Taniboi alijua hivi vitu kwa masikio. Injini ikibadilisha sauti, alijua kuna noma kabla taa yoyote iwake.

Tatizo ni kwamba kiti cha kushoto kilifundisha na ujinga pia. Dereva akiteremka Salgaa gia ikiwa fri ili abakishe dizeli ya kuuza, kijana aliyekaa kando yake anaona hivyo ndivyo kazi inafanywa. Kesho yeye ndiye ako kwa usukani. Hiyo tabia imezika watu wengi kwa ule mteremko. Na 30 Juni 2023, makutano ya Londiani, lori moja lilipoteza mwelekeo likaua zaidi ya watu 50, wengi wao wakiwa wachuuzi na abiria waliosimama tu kando ya barabara. Nchi ambayo vitu kama hivi vinaweza kutokea haiwezi kuacha mafunzo ya trela yawe bahati ya dereva uliyepangiwa.

Kwa hivyo kanuni za 2020 kuhusu shule za udereva ziko na maana. Sasa kuna daraja lake, CE, la lori kubwa lenye trela, mahali zamani tulikuwa tunasema tu "niko na BCE" na imeisha hiyo. Lakini pita shule za mtaani uone. Ule ubao wenye ramani ya mji na vigari vya kuchezea bado uko. Ubao unakufundisha kona ya mzunguko. Haukufundishi tani 28 zikikusukuma kutoka nyuma.

Maoni yangu ni haya. Kiti cha kushoto kihesabiwe kama darasa. Taniboi aandikishwe, apewe kitabu cha safari, alipwe, awe na bima, na dereva anayemfundisha awe ni mtu aliyekaguliwa. Shule ifundishe breki, sheria na kurudi nyuma, kisha mtihani ufanywe kwa mteremko na mzigo ukiwa juu. Wenye malori wamekula matunda ya mafunzo ya bure tangu reli ichoke. Wachangie sasa. Mwaka wa 1941 jeshi halikumwambia mtu ajilipie karo ndio aendeshe lori lao.

Na wewe unayetaka kulipa kozi, uliza maswali mawili kwanza: trela yenu iko wapi niione, na nitaiendesha saa ngapi ikiwa na mzigo? Wakianza kukuonyesha ubao, weka pesa yako mfukoni.

Kama babako au mjomba wako alikuwa taniboi, mwambie aniambie: ni nani alimpa usukani mara ya kwanza, na ilikuwa barabara gani?