Boma la Kivinje: Askari Kabla ya Polisi

Kuta hizi zinazoliwa na chumvi ya bahari zilikuwa ofisi ya serikali ya Wajerumani. Mei 1890 kamanda wao, Hermann von Wissmann, aliuteka mji huu, kisha Lindi. Wengi wa askari wake walitoka mbali: Wasudani walioandikishwa Misri, na vijana wa kusini mwa Msumbiji.

Siku hizo askari na polisi walikuwa karibu kitu kimoja. Aliyepigana vita ndiye aliyesindikiza wakusanya kodi, akalinda mahabusu, akashika kiboko. Adhabu ya viboko 25 ilizoeleka hata ikapata jina: hamsa ishirini.

Novemba 1895 Hassan bin Omari Makunganya, aliyeupinga utawala wa Wajerumani, alinyongwa hapa mjini. Mahali penyewe panaitwa Mwembe Kinyonga. Jina hilo limetunza habari kuliko jalada lolote. Miaka 10 baadaye, katika nchi ya Wamatumbi, Vita vya Maji Maji vikaanza.

Utawala wa Wajerumani ulipokwisha, Jeshi la Polisi la Tanganyika liliundwa na Waingereza tarehe 25 Agosti 1919. Makao makuu yalikuwa Lushoto, mbali kabisa na pwani hii, hadi yalipohamia Dar es Salaam mwaka 1930.

Majalada ya Kijerumani yaliyosalia nchini yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Humo maofisa wanatajwa kwa majina. Askari wa kawaida, mara nyingi, kwa idadi tu. Kama babu yako alivaa sare, na nyumbani kumebaki picha, filimbi au kifungo chenye nembo, usivitupe.

Tafadhali usipande juu ya kuta.